Kofia ya Gari la Ghanim

Ting. Kisha kimya. Kisha ting, ting.

Ilikuwa pete ya Bibi Latifa ikigonga bilauri ya maji kando ya kitanda, kabla hata muadhini wa msikiti wa jirani hajakohoa kwenye kipaza sauti. Katika mtaa ule wa Najma, mjini Doha, walikuwapo waliowaita watumishi wao kwa kupaza sauti, na waliofunga kengele ya umeme jikoni. Bibi Latifa alisema zamani, mwaka ule wa kwanza Saada alipofika kutoka Makunduchi, kwamba mtu hapigiwi kelele kama mbuzi aliyeingia shambani. Tangu hapo ikawa pete na bilauri. Mlio mdogo, ukitaka unausikia, usipotaka unajifanya umelala. Kwa miaka kumi na mitano Saada hakujifanya amelala hata siku moja.

"Leo ndiyo siku," Bibi Latifa alisema alipokwisha kuinuliwa na kuegemezwa mito. Macho yake yalikuwa na ukungu sasa. Aliona mwanga na vivuli, basi. "Mwanangu Fahad amekwisha kukuambia la kusema?"

"Ameniambia, Mama."

"Na utasema?"

Saada alimvuta shela vizuri begani. "Nitasema karibuni kahawa. Hilo nina hakika nalo."

Bibi Latifa alicheka kwa pua. Walipishana miaka sita tu, lakini mmoja aliitwa Mama na mwingine aliitwa Saada, ndivyo kazi ilivyowapanga. Walizoeana hata mmoja akinyamaza, mwenzake alijua amenyamazia nini.

Siku hiyo walikuwa wanakuja watu wa gari.

Gari lenyewe lilikuwa uani chini ya kibanda cha mabati, limefunikwa shuka kama maiti wa heshima. Lilikuwa Camaro ya mwaka 1969, buluu ya wino, na mistari miwili myeupe kuanzia boneti hadi nyuma. Lakini si Camaro kama zilivyo Camaro nyingine. Hadithi yake Saada aliijua kama anavyoijua nasaba ya baba yake, maana marehemu Ghanim, mume wa Bibi Latifa, aliisimulia kila alipopata mtu wa kukaa.

Huko Marekani, katika mji mmoja wa Ohio, alikuwapo fundi aitwaye Douglas. Alilinunua likiwa jipya, akaling'oa injini yake na kuweka kubwa zaidi, akainua boneti ili injini ipate kupumua, akatengeneza ekzosi kwa mkono wake. Alitengeneza magari saba ya namna hiyo maishani mwake, kisha akafa. Mjane wake, Jennifer, aliliweka gari bandani miaka minne, hataki kuliona, hataki kuliuza. Jirani yake alikuwa kijana Mwarabu, mwanafunzi, aliyekuwa akimfyekea nyasi za uani kila Jumapili bila kuombwa. Kijana alipomaliza masomo na kuja kumuaga, Jennifer alimwekea ufunguo mkononi na kumtajia bei ambayo hata gurudumu lisingenunulika. Kijana yule ndiye Ghanim. Mwaka 1979 gari lilishushwa bandarini Doha, na siku lilipowashwa, Bibi Latifa, wakati huo bibi arusi, alidhani ni tetemeko la ardhi.

Wenyewe watatu, basi. Douglas, Jennifer, Ghanim. Na sasa Ghanim alikuwa amekufa mwaka mmoja, na mwanawe Fahad alitaka kuuza.

Saada hakuwa na neno juu ya kuuza. Mali ya mtu, mrithi wake. Neno lake lilikuwa juu ya kitambaa cha darini, kile kinachofunika paa la gari kwa ndani.

Majira ya joto ya 2003, kitambaa kile cha zamani kiliachia gundi na kumwangukia Ghanim kichwani akiwa barabarani, kilemba na yote. Alirudi nyumbani akicheka hadi machozi. Mafundi wa viti vya magari wakamwambia watamwekea plastiki. Ghanim hakutaka plastiki. Alizunguka na jambo hilo wiki nzima, mpaka mchana mmoja akamkuta Saada ameketi kizingitini mwa jikoni akishona kofia ya nduguye, kofia ya mkono kama wanavyoshona wanawake wa Unguja, kila tundu linatobolewa na kuzungushiwa uzi, tundu baada ya tundu, mwezi hadi mwezi.

"Saada," alimwambia, "gari langu lina upara. Unaweza kulishonea?"

"Ikiwa litatulia nilipime kichwa," Saada alijibu.

Alishona miezi minne, saa za mchana wenye nyumba wakiwa wamejilaza. Chakula kilichelewa au kililiwa cha baridi, na wala hakuna aliyenung'unika, hata Fahad, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na njaa ya simba. Saada hakusahau wema huo. Alichora lozi na nyota, akatoboa, akazungushia, akashona na vifuko vya kupitishia fito za chuma zinazokishika kitambaa. Lakini hapo mazoea ya mkono yakamponza. Kofia huvaliwa uso wake mzuri ukitazama juu, na ndani, panapogusa kichwa, hubaki mafundo. Naye vile vifuko akavishona upande wa uso mzuri, ili uwe juu, kama anayeshona kofia. Siku kilipofungwa, lozi zote na nyota zote zilitazama bati, na waliokaa ndani ya gari waliona mafundo.

Saada alishika kichwa kwa mikono miwili. Kurekebisha kulikuwa na maana ya kufumua kila kitu.

Ghanim aliketi nyuma ya usukani, akatazama juu muda mrefu. "Liache," alisema. "Limevaa kofia yake sawasawa. Sisi tuliomo ndani ndio tuko upande wa mafundo." Kisha akasema neno ambalo Saada hakuwa ameliomba: "Siku gari hili likiandikiwa kitabu, jina lako litakuwemo. Chini ya la Douglas."

Neno hilo Saada alilitunza miaka kumi, hakumwonyesha mtu.

Basi jana yake Fahad alikuwa amemwita sebuleni. Alikaa katika kiti cha baba yake, na hakumtazama usoni.

"Mnunuzi anataka gari lililobaki kama Douglas alivyoliacha, ndani na nje. Nimemwambia liko hivyo. Kitambaa cha juu ni kazi ya Douglas. Kesho wakikuuliza, hujui kitu. Lilikuja hivyo."

"Fahad, baba yako aliniambia..."

"Baba amekufa, Saada." Akapapasa mkono wa kiti. "Kibali chako cha kukaa nchini kiko chini ya jina langu sasa. Sitaki kugombana na wewe. Ukitaka kubaki na mama yangu, kaa kimya. Ukisema, utarudi kwenu."

Usingizi wa usiku ule ulikuwa wa vipande. Nani atajua kwamba Bibi Latifa hanywi chai bila zafarani? Nani atajua kwamba anapokasirika huomba maji asiyoyataka? Nani ataitika bilauri?

Mussa, dereva wa nyumba, mtu wa Tanga, alimkuta asubuhi akitwanga iliki kwa nguvu ya kutwangia mahindi.

"Bi Saada, iliki imekukosea nini?"

Saada akamweleza.

"Funika kombe mwanaharamu apite," Mussa alisema, akijimiminia chai.

"Nimefunika makombe mengi, Mussa. Mwanaharamu hapiti. Anakaa, anasubiri cha mchana."

"Lakini jina tu, Bi Saada! Kwani jina ni mchele, utalipika?"

"Silipiki. Lakini nilipewa. Wewe ukipewa kitu na marehemu, unakiacha barazani kichukuliwe?"

Mussa aliinua kikombe. Alikunywa chai yake, akasuuza kikombe mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Saa tatu akafika mtu wa gari, mmoja tu, mwandishi wa kampuni, mwanamke wa makamo mwenye suruali nyeusi, kamera shingoni na faili kwapani. Fahad alimpokea kwa Kiingereza. Saada alikuwa akitoka na sinia ya kahawa, na paka wa jirani akampita miguuni.

"Toka huko, mwizi we!"

Mgeni aligeuka, uso umemfunguka. "Ai! Mama, wewe ni wa Tanzania?"

"Wa Unguja. Na wewe, kwenu hamna shikamoo?"

"Kwetu ni Kisii, Mama. Shikamoo tuliiacha shuleni, pamoja na mitihani."

"Basi leo ifuate."

"Shikamoo," alisema yule mwanamke, akiinama kwa kucheka.

"Marahaba, mwanangu. Chukua kahawa. Jina lako nani?"

"Nyanchama." Akanywa, akafumba macho kwa utamu. Akaeleza kazi yake bila kuringa: kampuni yao inauza magari ya zamani, na yeye ndiye anayeandika maisha ya kila gari, limezaliwa wapi, limekaa kwa nani, limeguswa na mkono gani. "Gari kama hili ni kama mtu anayetaka kuoa, Mama. Lazima ukoo wake ujulikane. Ukidanganya ukoo, umeharibu ndoa."

Shuka likavutwa. Nyanchama alilizunguka gari taratibu, akagusa boneti iliyoinuliwa, akalala chini kabisa kutazama ekzosi za Douglas. Kisha akaingia ndani, akajilaza kiti cha nyuma, na akatazama juu. Moshi wa udi wa Ghanim wa miaka mingi ulikuwa umekitia kitambaa rangi ya chai.

"Hii ni kazi ya mkono," alisema kwa Kiingereza. "Sijawahi kuona nyingine. Lakini mbona mafundo yako upande huu?"

Fahad alijibu jambo refu. Saada alisikia jina la Douglas mara mbili, akaona Nyanchama akiandika, kisha kalamu ikasita.

Nyanchama alitoka garini, akarudisha kikombe kwenye sinia, na akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, kama anayeomba kikombe cha pili: "Mama, umekaa hapa muda mrefu. Hii dari unaijua? Niambie tu kwa Kiswahili, huyu bwana haelewi. Mimi nitaandika, hatajua nimetoa wapi."

Saada alimtazama. Aliuona wema ulivyokaa katika uso ule, wema wa mtu ambaye naye ana mkubwa wake wa kazi na ana la kupoteza. Ingekuwa rahisi. Maneno matano ya Kiswahili, kisha arudi jikoni, na kesho pete igonge bilauri kama kawaida.

Akaweka sinia chini, kizingitini.

"Ahsante, mwanangu. Umenifungulia mlango wa nyuma, na umefanya kwa wema. Lakini katika nyumba hii mlango wa nyuma nimeupita miaka kumi na mitano. Leo siutaki."

Kisha akamgeukia Fahad, na akasema kwa Kiarabu, sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Fahad, mwanangu. Kitambaa hiki nilikishona mimi. Douglas hakukigusa, alikuwa ameshakufa kabla wewe hujazaliwa. Nilikishona mwaka 2003, pale pale kizingitini, na wewe ulikuwa unaruka miguu yangu ukienda kutafuta wali."

"Saada, nenda jikoni."

"Nitakwenda. Nikimaliza."

"Mama wa watu anaumwa na joto," Fahad alimwambia Nyanchama kwa Kiingereza, akijaribu kucheka. "Amechanganyikiwa. Hata hujui anasema nini."

"Kiarabu nakielewa," Nyanchama akamjibu, kwa Kiarabu. "Nina miaka tisa Doha."

Fahad akawa mwekundu hadi masikioni. "Basi athibitishe! Kila mzee anaweza kusema nimefanya hili, nimefanya lile."

"Sawa," Saada alisema, akimgeukia Nyanchama. "Andika kabla hatujafungua. Uso mzuri uko juu, unatazama bati, nilikosea, nikashona kama kofia. Kuna lozi, safu kwa safu. Katikati kuna nyota nne. Na karibu na kioo cha nyuma, upande wa dereva, kuna lozi moja ndogo kuliko wenzake, kitambaa kilikuwa kinaniishia. Tangu siku kilipofungwa hakuna jicho lililouona upande huo. Mussa! Lete bisibisi."

Mussa alikuwa amesimama kando ya kibanda. Alimtazama Fahad, kibali chake naye kikiwa chini ya jina hilohilo. Akamtazama Saada.

"Ile ndogo au ile kubwa, Bi Saada?"

"Ile itakayofungua, Mussa."

Akaleta zote mbili. Akafungua ukanda wa chuma juu ya kioo cha nyuma, skrubu moja baada ya nyingine, na kila moja akaiweka kiganjani mwa Nyanchama isipotee. Akalegeza ufito wa kwanza. Saada aliingiza mkono, akakikunja kitambaa kuelekea chini polepole, kama mtu anayemvua mtoto kofia bila kumwamsha.

Kilikuwa cheupe. Udi haukukifikia, jua halikukifikia. Lozi zilikaa safu kwa safu kama zilizotoka kwenye sindano asubuhi ile, kila tundu na uzi wake. Na pale pembeni, upande wa dereva, ilikuwapo lozi ndogo, imebanwa na wenzake kama mtu wa mwisho kupanda basi.

Nyanchama alisogea karibu. Alipiga picha moja, akashusha kamera, akapangusa jicho, akapiga nyingine.

Ting, ting, ting.

Safari hii pete iligonga kioo cha dirisha. Bibi Latifa alikuwa amefika hapo kwa kushika ukuta, hatua zote zile peke yake.

"Fahad!" aliita. "Mimi nilikula chakula cha baridi miezi minne kwa ajili ya kitambaa hicho. Ukisema ni cha Douglas, basi Douglas ana deni na tumbo langu!"

Mussa aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika.

Fahad hakucheka. Alisubiri mpaka Mussa alipotulia. "Umemaliza, Saada?"

"Nimemaliza."

"Basi funga mizigo yako. Tiketi nitakata ya mwezi huu."

Saada aliinama, akaokota sinia kizingitini. "Nitafunga," alisema. "Ngoja kwanza nikusanye vikombe."

Bibi Latifa alimgombeza mwanawe siku tatu, na siku ya nne akakubali kwamba mihuri na karatasi za serikali hazimjui tena yeye, zinamjua Fahad. Mnunuzi wa kwanza alijitoa. Akapatikana mwingine, kwa bei iliyomkunja Fahad uso, na lori likaja kulichukua gari. Liliwashwa ili lipande lenyewe, likanguruma mtaa mzima, na Bibi Latifa kitandani mwake akasema, "Haya, tetemeko limeondoka."

Nyanchama alikuja wiki ya pili, na kitabu. Akaketi na Saada jikoni, akafungua ukurasa, na pembeni ya maandishi alikuwa ameandika kwa penseli maneno ya Kiswahili. Saada alivaa miwani, akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Douglas, fundi na mwenye gari wa kwanza. Jennifer, mjane wake. Ghanim, wa Najma. Na chini ya Douglas, kwenye orodha ya mikono iliyolitengeneza gari: "Kitambaa cha darini kilishonwa kwa mkono, Doha, 2003, na Saada binti Makame, mshona kofia wa Makunduchi. Uso wake mzuri uko juu kwa makusudi."

"Hapa umekosea," Saada alisema. "Haikuwa makusudi. Lilikuwa kosa."

"Lakini mwenye gari aliliacha kwa makusudi."

Saada alifikiri. "Hapo sawa. Andika hivyo. Kosa langu, makusudi yake."

Nyanchama akaandika palepale, akaahidi kitachapwa upya.

Siku ya safari, sanduku la Saada lilipotolewa chumbani, lilikuwa limeshafungwa kamba na mtu, fundo zuri, na juu yake boksi la tende za ile aina anayoipenda. Mussa aliapa si yeye. Fahad alikuwa amekwisha kwenda kazini. Saada hakulihesabu boksi lile kuwa msamaha, lakini hakuliacha pia.

Mfanyakazi mpya alikuwa Mganda, Proscovia, msichana mtaratibu. Saada alimwonyesha zafarani, akamwonyesha dawa za asubuhi na za jioni, na mwisho akachukua bilauri na kuigonga kwa kijiko. "Ukisikia hivi, unaitika. Hakuamrishi. Anakuuliza kama umeamka."

Kisha akaenda kumuaga Bibi Latifa, akakuta kitanda kitupu.

Bibi Latifa alikuwa barazani, amesimama kwenye mlango wa mbele, ule mkubwa wa mbao unaofunguliwa kwa wageni wa Idi. Alikuwa ameufungua mwenyewe, pande zote mbili, na mkono wake wenye pete umeshika kitasa. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia hadi kwenye zulia.

"Mama, utaanguka."

"Pita hapa," alisema Bibi Latifa. "Mussa ameshaleta gari la nyumba upande huu."

Saada akapita. Kizingiti kile kilikuwa cha marumaru, na miguu yake ilikijua kwa kukipangusa tu. Alipofika nje aligeuka, wakashikana mikono, na hakuna aliyelia kwanza.

"Saada."

"Naam, Mama."

"Usiniite Mama, mimi na wewe wazee sawa. Sikiliza. Nitamsumbua Fahad mpaka akuandikie visa ya mgeni, na akikataa nitagonga bilauri mpaka ipasuke. Njoo tena. Njoo unitembelee, ugonge mlango huu huu, na mimi ndiye nitakayekuja kukufungulia. Utakuja?"